Siku mbili Ol Pejeta na mama mzee na watoto watatu: tufanye nini, tuache nini?

mama_watatu, Mombasa

Hamjambo wote. Natafuta ushauri wa mtu anayeijua hifadhi ya Ol Pejeta vizuri, si aliyepita mara moja akapiga picha.

Likizo ya Desemba tunapanda Nanyuki kutoka Kisauni. Tuko sita: mimi na mume wangu, watoto wa miaka 5, 9 na 14, na mama yangu mzazi aliyetimiza 71 na magoti yanamsumbua. Kusema kweli safari hii ni yake. Alisikia redioni habari za vifaru weupe wa kaskazini wawili waliobaki duniani, mama na binti yake, na tangu siku ile hana hadithi nyingine. Anataka awaone kwa macho yake.

Watoto wamezoea Haller Park pale Bamburi, wamelisha twiga kwa mkono. Ndovu wamewaona kwenye dirisha la treni ilipokuwa ikipita Tsavo. Hifadhi yenyewe hawajawahi kuingia.

Nimetazama orodha ya mambo ya kufanya kule nikabaki nimechanganyikiwa. Kuna kuzunguka na gari mchana, kuna kuzunguka usiku, kuna kufuatilia simba, kutembea kwa miguu na askari, baiskeli, farasi, mbwa wa kusaka majangili, sokwe, na hao vifaru. Vingi vina ada yake juu ya kiingilio. Hatuwezi kufanya yote, na hata tungeweza sidhani mama na huyu wa miaka 5 wangestahimili. Mungekuwa nyinyi, mungelipia nini na mungeacha nini? Na je, gari letu dogo la kawaida litapita, au tukodi? Mume wangu ana hamu ya simba. Mimi naogopa baridi tu.

mzee_wa_usukani, Nanyuki

Dada, karibu Laikipia, na mpe mama shikamoo yangu. Mimi ni dereva na mwelekezi wa wageni hapa Nanyuki, na Ol Pejeta ndiyo shamba ninalolima. Nitakujibu kwa urefu, maana swali hili natamani kila familia ingeliuliza kabla ya kufika langoni.

Watu wetu wengi wakishalipa kiingilio huona ni lazima waizunguke hifadhi nzima. Ile ni ekari 90,000 hivi. Wanamkimbilia simba tangu alfajiri, saa 5 mtoto amelala, bibi ameshika mgongo kwa mashimo ya barabara, na jioni wamewaona wanyama wengi kwa mbali bila kumjua hata mmoja. Inaniuma sana kuona familia imetoka mbali, imeweka akiba mwaka mzima, kisha inarudi nyumbani na picha ya mgongo wa nyati.

Ushauri wangu ni huu: pesa za ziada zipelekeni pale mtakapokutana na watu wa kazi. Mlezi wa vifaru, askari wa mbwa, kijana anayeshika antena ya kusaka simba, wale wanaowalisha sokwe. Hawa ni watu wetu, wanazungumza Kiswahili, na wana mambo ya kusimulia ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote. Mgeni wa Ulaya anayelipa mara kadhaa ya mnacholipa nyinyi huyasikia yakiwa yamepita kwangu kwanza, nami huyafupisha kwa sababu muda ni mdogo. Mama yako atayasikia moja kwa moja kutoka kwa mtu anayelinda wanyama wale usiku. Ataweza kuuliza anavyotaka. Hakuna mgeni mwenye faida hiyo kuwashinda nyinyi, na ajabu ni kwamba wengi wetu hatuitumii, tunakaa ndani ya gari kimya na simu mkononi.

Basi nianze na vifaru, kwa kuwa ndiyo safari.

Majina yao ni Najin na Fatu. Najin alizaliwa 1989, Fatu ni bintiye, alizaliwa 2000. Wote wawili walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové kule Ucheki, wakaletwa hapa Desemba 2009 pamoja na madume wawili, Sudan na Suni. Wazo lilikuwa kwamba wakirudi kwenye nyasi na jua la Afrika huenda wakazaana. Haikuwa. Suni alikufa 2014, na Sudan, baba yake Najin, alikufa tarehe 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45. Kwa hiyo mama yako akiwatazama wale wawili ajue anatazama mtoto na mjukuu wa yule dume.

Wanakaa kwenye uzio wao wa ekari 700 hivi, pamoja na punda milia wa Grevy na kongoni wa Jackson. Ziara hii hulipiwa kando na idadi ya wanaoingia ni ndogo, kwa hiyo wekeni nafasi mapema, msingoje kufika langoni. Jambo zuri kwa magoti ya mama ni kwamba mnaingia kwa gari. Muulizeni mlezi kwa nini pembe zao zimepunguzwa, muulizeni yupi mkali kati ya mama na binti, muulizeni usiku wanalala wapi. Muacheni mama aulize la kwake kwanza.

Msiogope pia kumweleza mtoto wa miaka 14 habari ya sayansi, maana ndiyo inayofanya ziara ile isiwe ya matanga. Hakuna kati ya hao wawili anayeweza kubeba mimba tena: Najin ni mzee na miguu yake ya nyuma ni dhaifu, na Fatu ana tatizo kwenye mji wa mimba. Kwa hiyo tangu 2019 wataalamu wamekuwa wakimtoa Fatu mayai hapa hapa Ol Pejeta, yanasafirishwa hadi Italia, yanarutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa ambazo ziligandishwa zamani, na viinitete vinavyotokana nayo vinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Najin alipumzishwa kutolewa mayai 2021. Mpango ni kupandikiza viinitete hivyo kwa jike la kifaru mweupe wa kusini, ndugu yao wa karibu, awe mama wa kubeba. Januari 2024 ilitangazwa kuwa njia hiyo imefanikiwa kwa majaribio: jike mmoja wa kusini alishika mimba ya kiinitete cha kusini, ikafika siku 70. Uchungu ni kwamba jike huyo alikufa kabla ya tangazo hilo, si kwa mimba, bali kwa bakteria waliofumuka ardhini baada ya mvua kubwa ya 2023. Mlezi akiwa na muda mwombeni awasimulie siku zile. Mimi nikiwasikia wakisimulia huwa nazima injini.

Sokwe: nendeni. Mmeshalipia kwenye kiingilio. Kuna nafasi ya asubuhi na ya alasiri, mchana hufungwa, kwa hiyo msipange kufika saa 7. Ndio mahali pekee Kenya pa kuona sokwe mtu, kwa sababu sokwe si wa nchi hii, hawa waliletwa. Kituo kilianzishwa 1993, na wa kwanza walitoka Bujumbura wakati vita vilipoanza Burundi. Wengi walinyang'anywa watu waliowaweka kama mapambo ya nyumba au ya biashara. Mmoja anayejulikana sana, Poco, alikaa miaka 9 kwenye kizimba chembamba kilichotundikwa juu ili kuvutia wateja, akazoea kusimama wima kwa kukosa nafasi, ndiyo maana alipofika hapa alikuwa akitembea kwa miguu miwili kama mtu. Mtoto wa miaka 9 hawezi kusahau habari hiyo. Makundi ni mawili, na mto Ewaso Ng'iro umepita katikati kuyatenganisha. Kuna kutembea kidogo kutoka mnapoegesha. Mama aende na fimbo yake bila haraka.

Mbwa: kwa watoto wenu hili nitalilipia mbele ya simba. Kuna mbwa wa kufuata harufu ya mtu na mbwa wa kunusa pembe na silaha. Askari wanawaonyesha mafunzo, mtu anajificha vichakani, mbwa ananusishwa alipopita, anaanza kazi. Mtoto akiona vile mbwa anavyoshika njia ya mtu aliyekwisha kutoweka machoni, ataelewa ujangili unavyopigwa vita kuliko kwa hotuba yoyote. Ol Pejeta ina vifaru weusi zaidi ya 100, kundi kubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na hawako hai kwa bahati. Wako hai kwa sababu ya watu na mbwa hawa.

Simba: mwambie mume wako aende kufuatilia simba, si kuwatafuta. Hivi ni vitu viwili. Kuzunguka ukitegemea bahati unaweza kumkosa simba siku nzima. Kwenye kufuatilia, mnakwenda na mtu wa hifadhi mwenye antena. Simba wachache kwenye makundi wamevishwa kola ya redio, anainua antena, anageuka taratibu, mnasikia mlio unavyozidi nguvu upande mmoja. Mkiwapata, anawahesabu, anatazama kama wana majeraha, kama wameshiba, anaandika. Kila simba anatambuliwa kwa madoa yaliyo penye mizizi ya masharubu, mpangilio haufanani kwa simba wawili. Maandishi hayo yanaingia kwenye kazi ya kweli ya hifadhi, hamchezi kuigiza. Baba na huyu wa miaka 14 ndio wanaofaa.

Cha kuacha: farasi na baiskeli, kwa familia yenu hapana. Kutembea na askari ni kuzuri mno, lakini si kwa mtoto wa miaka 5 wala kwa magoti ya mama; kuna masharti ya umri kwa sababu mnaweza kukutana na nyati. Badala yake nendeni pale penye viboko kando ya mto. Kuna askari zamu anayewaongoza kwenye njia fupi chini ya miti, na mama anaweza kufika sehemu akakaa.

Gari lenu dogo, kama kumekauka, barabara kuu za ndani litapita. Lakini Desemba mvua za vuli mara nyingine zinachelewa kwisha, na sehemu kubwa ya ardhi ya ndani ni ule udongo mweusi unaonata. Likizama hapo hamtoki mpaka mvutwe. Kodini Landikruza yenye paa la kufunguka hapa Nanyuki kwa siku moja, ile siku ya vifaru na simba, na siku nyingine tumieni lenu hadi kwa sokwe tu. Bei pataneni mapema, na muulize kama mafuta yamo.

shamba_la_baba, Narok

Naheshimu aliyosema mzee wa usukani, ila msisahau Mara. Na sisemi ndani ya ile hifadhi kuu ya kaunti yetu ya Narok ambako watu wote wanaenda, nasema hifadhi za jamii zinazoizunguka: Naboisho, Olare Motorogi, Mara North. Ardhi ile ni ya familia za Wamaasai, ni mashamba ya watu wenye hati, wamekubaliana kuyaunganisha na kuyakodisha kwa kambi za watalii, na kila mwezi mwenye shamba anapata kodi yake, simba aonekane asionekane. Baba yangu ni mmoja wao. Karo yangu ya chuo ilitoka hapo, kwa hiyo nazungumza kwa moyo.

Faida kwa mgeni ni kwamba kule mnaruhusiwa mambo ambayo ndani ya hifadhi kuu yamekatazwa. Kuzunguka usiku kwa taa, kutembea kwa miguu na Mmaasai anayejua kila nyayo, kutoka barabarani kumsogelea duma kwa utaratibu. Magari yanawekewa kikomo kwa kila mnyama, hamtakuta msongamano wa magari 30 yamemzunguka chui mmoja.

Ila nikuambie ukweli dada: Desemba nyumbu wale wa kuvuka mto wamesharudi Serengeti. Wako upande wetu takriban Julai hadi Oktoba. Na kambi za hifadhi za jamii ni ghali, nyingi hazipokei mtu wa kuingia mchana na kutoka, ni lazima ulale. Kwa familia ya watu sita itawabana. Na mama anataka vifaru. Basi nendeni Ol Pejeta mwaka huu, ila mkija kwetu siku nyingine tembeeni na mwongozaji wa Kimaasai, mwombeni awaonyeshe mti wa kuwasha moto na mti wa mswaki, na mwulizeni ng'ombe wanalishwa wapi wakati wa kiangazi. Hapo ndipo mtaelewa hifadhi ni nini kwa watu wanaoishi nayo.

mwalimu_kilifi

Nimewapeleka wanafunzi wa klabu ya wanyamapori Ol Pejeta. Naongeza mawili matatu kwa upande wa watoto.

Kuna mahali wengi hupita bila kusimama: makaburi ya vifaru. Ni mti mmoja kwenye uwanda, chini yake kuna mawe yenye majina ya vifaru waliokufa pale, wengi kwa bunduki za majangili, na kila jiwe lina maelezo ya alivyokufa. Sudan ana jiwe lake. Halilipishwi ada ya ziada. Wanafunzi wangu ambao njiani walikuwa wakiimba walinyamaza wenyewe pale, wakaanza kusomeana kwa zamu. Baadaye mmoja aliniuliza pembe inauzwa kwa nani, tukazungumza jambo hilo hadi Nyeri. Mpeleke yule wa miaka 14 na wa miaka 9. Mdogo abaki na baba akitazama swala.

La pili, kabla hamjafika mfundishe mtoto kutofautisha vifaru kwa mdomo. Mweupe ana mdomo mpana bapa wa kung'oa nyasi, kwa hiyo kichwa kiko chini muda mwingi. Mweusi ana mdomo uliochongoka wa kukamata majani na vijiti, anapenda vichaka. Rangi haisaidii kitu, wote ni wa rangi ya tope walilogaagaa. Na ndama: wa mweupe kwa kawaida hutangulia mbele ya mama yake, wa mweusi hufuata nyuma. Mtoto wa miaka 9 akishajua hayo anakuwa mwelekezi wa gari zima. Huhitaji kumlipia kitu cha ziada ili afurahi.

La tatu, baridi. Sisi wa pwani tunadharau. Nanyuki iko chini ya Mlima Kenya, mwinuko wa karibu mita 1,900, alfajiri mtoto atatetemeka hasa kwenye gari lililo wazi. Chukua sweta nzito, soksi, kofia ya sufu kwa mama na blanketi la kumfunika miguu, maana magoti yenye maumivu hayapendi ule upepo. Mchana jua litawachoma vilevile, Ikweta inapita ndani ya hifadhi yenyewe, pana kibao mnaweza kupigia picha.

mtoto_wa_laikipia

Mimi nimekulia upande wa kaskazini wa Laikipia, familia ya wafugaji. Niongeze kitu ambacho watalii wengi huomba kisiwe kwenye picha: ng'ombe.

Ndani ya Ol Pejeta mtakutana na makundi ya ng'ombe wa Boran wakichunga pamoja na punda milia. Msishangae mkadhani wameingia kwa wizi. Ni wa hifadhi, na wanalala kwenye maboma ya kuhamishika yaliyozungushiwa uzio wa kuzuia simba. Boma likihamishwa, pale lilipokuwa samadi inabaki, na nyasi zinazoota hapo ni tamu kwa miaka mingi. Mkiona uwazi wa kijani katikati ya vichaka na swala wamejaa, hapo ng'ombe walilala zamani. Mwombeni dereva awasimamishe kwenye mojawapo. Kama mchungaji yuko karibu na barabara, msalimieni na mmuulize simba walipita lini.

Kingine cha kutazama ni njia za wanyama kwenye uzio wa kaskazini. Uzio unakatika, na pale penye uwazi wamepanda nguzo fupi ardhini, zimekaribiana. Ndovu anainua mguu anapita, twiga anapita, simba anapita katikati. Kifaru hawezi, miguu yake ni mifupi na mwili ni mpana. Kwa hiyo wanyama wengine wanatoka kwenda malishoni mbali, na kifaru anabaki penye ulinzi. Mwanangu alisimama akajaribu kupita kwa mwendo wa kila mnyama, hata sasa anaigiza.

mama_watatu, Mombasa

Ahsanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Nimemsomea mama yote, na pale pa mtoto na mjukuu wa Sudan ameniambia nirudie.

Tumeamua: vifaru, sokwe, mbwa, makaburi. Baba na mkubwa watafuatilia simba. Mzee wa usukani, naomba unisaidie mambo mawili yaliyobaki. Kwanza, mkubwa anataka pia mzunguko wa usiku, je unafaa pesa yake? Pili, tunalala wapi, ndani au Nanyuki mjini? Na mpangilio wa siku zenyewe ungekuwaje ili mama asichoke?

mzee_wa_usukani, Nanyuki

Dada, mmechagua vizuri. Na huyo ndugu wa ng'ombe amenikumbusha, nyasi za boma nitawasimamisha wageni wangu wiki hii hii.

Mzunguko wa usiku ni mzuri kwa mtu anayejua anachoenda kutazama. Si wakati wa kuona makundi makubwa. Mnakwenda na gari la hifadhi, mwongozaji anapitisha tochi kubwa vichakani akitafuta macho yanayong'aa. Mnaweza kumwona fisi, mbweha, sungura, kamandegere anayerukaruka, bundi barabarani, viboko wametoka majini wanakula nyasi, na mkiwa na bahati kubwa mhanga, yule mnyama mla mchwa, ambaye hata mimi namfurahia kila nimwonapo. Simba wakati huo ndio wanaamka. Kwa kijana wa miaka 14 mwenye subira, ndiyo. Kama anataka vitendo, achague kati ya huo na simba wa antena, asifanye vyote siku moja, maana akisinzia mmepoteza pesa.

Kulala: ndani kuna kambi za hema za fahari, kuna nyumba za bei nafuu kidogo, na kuna viwanja vya kupiga hema lenu wenyewe kando ya mto. Hema kwa mama siwashauri, ardhi ni baridi na choo kiko mbali usiku. Mkiweza usiku mmoja ndani, uwe ndio huo wa kabla ya simba, ili baba na kijana waamkie pale pale saa 12 bila kungoja lango. Usiku mwingine laleni mjini, kuna vyumba vya heshima kwa bei ya kawaida, na ni mwendo wa nusu saa hivi hadi lango la Rongai.

Mpangilio: siku ya kwanza msiingie alfajiri. Mtakuwa mmechoka na safari ya Mombasa. Amkeni taratibu, mama anywe chai, mwingie saa 4, mwende viboko polepole. Kuleni mchana mlichobeba, kuna sehemu za kukaa. Alasiri nendeni kwa sokwe. Jioni hiyo kaeni mahali pamoja penye maji, zimeni gari, msizunguke. Wanyama watawajia.

Siku ya pili, wenye simba waondoke alfajiri, mama na wadogo walale. Mkutane kwa kifungua kinywa, kisha vifaru kwa saa mtakayokuwa mmepewa, na mbwa. Ombeni vifaru iwe asubuhi, kabla jua halijawa kali na wao hawajalala kivulini. Mkitoka kwa Najin na Fatu, ndipo mwende kwenye makaburi, si kabla. Nimejaribu kuwapeleka wageni kwa taratibu zote mbili, na mtu akishamwona Fatu akipumua mbele yake, lile jiwe la Sudan analisoma kwa namna nyingine.

Mambo ya mwisho ya langoni. Bebeni vitambulisho vya watu wazima na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, bila hivyo hamtapewa bei ya mwananchi. Pesa taslimu hazipokelewi, mtalipa kwa M-Pesa au kadi, kwa hiyo hakikisheni simu ina salio na kikomo cha siku kinatosha kwa watu sita pamoja na ada zenu za ziada. Mkilipia vifaru na simba mapema mtapunguza mzigo huo. Kiti cha mbele mpe mama, na mwambieni dereva mtakayemkodi tangu mwanzo kwamba bibi ana magoti, apunguze kasi kwenye mawe. Mkikosa gari la kuaminika, andika hapa tarehe zenu nikuelekeze kwa wenzangu wanaoendesha na wazee.